Ukali wa kocha na unyanyasaji: mpaka uko wapi?

Ukali wa kocha ni kumdai mwanariadha kazi ngumu, kwa lengo analolijua na kwa kiasi chenye mwisho. Unyanyasaji ni kuitumia kazi hiyohiyo, au maneno, chakula, fedha na cheo, kumvunja mtu. Sauti kubwa si kipimo. Wapo wapole wa ulimi wanaonyanyasa, na wapo wanaofoka uwanja mzima ukasikia bila kumdhuru yeyote.

Chukua asubuhi moja Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Programu ni mita 400 mara 12, kila raundi sekunde 68, pumziko sekunde 90. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi inakata mapema. Raundi ya tisa kijana anaanza kushuka, kocha anafoka: "Mikono! Usilegee, bado tatu!" Huo ni ukali. Anasahihisha kinachosahihishika, na tatu inabaki tatu. Akisema, "Umechelewa kuja, kwa hiyo ongeza kumi, na maji hunywi," tizi limegeuka adhabu. Misuli iliyokwisha ikilazimishwa huchanika na kumwaga protini kwenye damu. Mkojo unakuwa wa kahawia iliyokolea na figo zinaweza kushindwa kazi. Joto la ndani ya mwili likipita nyuzi 40 na mkimbiaji akaanza kuweweseka, apoozwe kwa maji baridi palepale, ndipo akimbizwe hospitali.

Kwenye uzito ndiko mpaka huvukwa kimyakimya, hasa kwa mabinti. Kupima faragha, kwa sababu iliyoelezwa, ni sehemu ya kazi. Kumpandisha msichana kwenye mizani mbele ya kambi nzima na kumwita mnene ni kumdhalilisha. Mwaka 2019 mkimbiaji wa Marekani, Mary Cain, alieleza hadharani kwamba alishinikizwa apungue, akakosa hedhi miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano. Kocha wake alikanusha kumnyanyasa. Njia ya madhara yenyewe inajulikana: chakula kisipolingana na mazoezi, hedhi hukatika, mifupa hudhoofu, kisha nyufa hutokea kwenye muundi au unyayo. Kocha anayefurahia hedhi kukatika, akidhani ndiyo dalili ya kuwa fiti, anafurahia ugonjwa.

Riadha ya kulipwa ina mtego wake: mara nyingi kocha huyohuyo ndiye mwenye kambi, na ndiye anayemjua wakala wa mbio za nje. Kushikilia pasipoti ili mtu asihame, au kukata zawadi bila mkataba, si nidhamu. Kumtaka mwanariadha kimapenzi ili apate nafasi ya safari hakuna hata cha kujadili.

Ukitaka kuijua kambi, angalia neno "nimeumia" linajibiwaje. Kocha mkali huuliza wapi, tangu lini, kisha hubadilisha dozi ya mazoezi. Mnyanyasaji humwita mvivu na kumfuta kwenye orodha ya mbio.

Anayepitia haya aandike kwenye daftari kila siku: tarehe, dozi aliyopewa, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Kipigo na shuruti ya ngono havimalizwi kambini. Vinapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kwa aliye chini ya miaka 18, namba ya kupiga bure ni 116.