Tarehe ya retua si tarehe ya kifo

Kazi yangu ni kuwasomea watu hati za zamani za ardhi za Uskoti, na swali ninaloletewa kuliko yote ni hili: retua ya babu, yaani hati iliyothibitisha nani ni mrithi wa ardhi yake, imeandikwa 1643, je, ndio mwaka aliofariki? Huwa najibu kwamba si lazima. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, niliwahi kuuandika mwaka wa retua kwenye nasaba ya mteja kuwa mwaka wa kifo, na baadaye ikajitokeza hati ya deni iliyoonyesha kwamba mzee huyo alikuwa kaburini miaka 19 kabla ya hapo. Nililazimika kuirudia nasaba nzima.

Chanzo cha kosa la namna hiyo ni sheria yenyewe. Hadi 1868 Mskoti hakuweza kurithisha ardhi kwa wasia. Wasia ulihusu mali inayohamishika tu, yaani mifugo, nafaka, vyombo, fedha na madeni, ilhali ardhi ilifuata mkondo wake: mtoto wa kiume wa kwanza aliichukua yote, na mabinti waligawana sawa pale tu ambapo hapakuwa na mtoto wa kiume. Msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu, ambamo kila mmoja ana fungu lake, ataiona kanuni hii kuwa kali, lakini kwa wafao bila wasia haikufutwa hadi 1964.

Hata hivyo, kuzaliwa wa kwanza hakukutosha. Aliyedai urithi aliomba amri ya maandishi kutoka Chansari, ofisi ya hati za mfalme, na amri hiyo ilipelekwa kwa sherifu, hakimu wa kaunti, ambaye aliwakusanya watu wa eneo lile, kwa kawaida 15, wakae kama baraza, na wao ndio waliotoa uamuzi. Waliulizwa kama marehemu alifariki akiwa mmiliki halali wa ardhi ile, kama mdai ndiye mrithi wa karibu na ametimiza umri, ardhi inashikwa chini ya bwana gani na kwa utumishi gani, thamani yake ni ipi, na tangu kifo imekuwa mikononi mwa nani. Majibu yao yalirudishwa Chansari, na kule kurudishwa ndiko kulikozaa jina la retua. Baada ya hapo mrithi alikabidhiwa ardhi kwa kutiwa udongo na jiwe mkononi, papo hapo shambani.

Utaratibu huo ulikuwa na gharama, na hakuna aliyeharakisha gharama bila sababu. Mtoto aliweza kukaa kwenye shamba la baba yake, akalima na kukusanya kodi kwa miongo mizima bila kuthibitishwa, mpaka siku alipotaka kuuza, kukopa au kushitaki. Kama alifariki kabla ya siku hiyo, mwanawe hakuthibitishwa kuwa mrithi wa baba, bali wa babu, kwa kuwa babu ndiye wa mwisho aliyekabidhiwa ardhi kisheria. Kwa hiyo ukikuta Kilatini cha retua kinasema kwamba fulani ni mrithi wa babu yake, usidhani baba alikuwa hai wala kwamba alinyimwa urithi. Huenda alilikalia shamba lile maisha yake yote, na hati ikampita kama hakuwahi kuwepo.

Lugha ya retua ni Kilatini hadi 1847, isipokuwa 1652 hadi 1659, enzi za utawala wa Oliver Cromwell kutoka Uingereza, zilipoandikwa kwa Kiingereza. Anayeanza huanzia kwenye muhtasari wa retua wa Thomas Thomson uliochapishwa kati ya 1811 na 1816, unaofika 1700. Kila ingizo lina tarehe, jina la mrithi, uhusiano wake na marehemu, majina ya mashamba, kisha herufi A.E. na N.E., ambazo ni thamani ya zamani na thamani mpya. Wengi huziruka, nami nadhani wanakosea. Shamba lenye thamani ya zamani ya shilingi 40 lilimpa mwenyewe haki ya kupiga kura ya bunge katika kaunti, na sheria ya 1743 ilidai thamani hiyo ithibitishwe kwa retua ya kabla ya Septemba 1681. Ndiyo maana mawakili wa karne ya 18 walizipekua karatasi za mababu zao kwa bidii isiyohusiana hata kidogo na mapenzi ya nasaba.

Ukikosa retua kabisa, usikate tamaa. Bwana wa ardhi asiye mfalme aliweza kumtambua mrithi kwa hati yake mwenyewe, bila baraza wala Chansari. Hapo utafute makabidhiano yenyewe katika rejista za sasini, yaani za kukabidhiwa ardhi, zilizoanzishwa 1617, na uanze kwa jina la shamba kabla ya jina la mtu.