Je, wajua kwa nini mwana wa Yonathani ana majina mawili katika Biblia?

Mefiboshethi wengi tunamfahamu. Ni yule mtoto aliyekuwa na miaka mitano siku ilipofika habari kwamba baba yake Yonathani na babu yake Sauli wamekufa vitani. Yaya wake alimnyakua akatoka mbio, mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Miaka baadaye Daudi alimtoa Lo-debari, nyumbani kwa Makiri, akamrudishia mashamba ya Sauli na kumkalisha mezani pake. Habari zake zinaanzia 2 Samweli 4 na 9.

Sasa fungua 1 Mambo ya Nyakati 8:34. Hapo mwana wa Yonathani anaitwa Meribaali, baba yake Mika. Na 2 Samweli 9:12 inasema mtoto wa Mefiboshethi aliitwa Mika. Ni mtu yule yule. Panda mstari mmoja juu: mwana wa Sauli tuliyezoea kumwita Ishboshethi ameandikwa Eshbaali. Hata Gideoni, aliyepewa jina la Yerubaali katika Waamuzi 6, Yoabu, jemadari wa Daudi, anapomtaja katika 2 Samweli 11:21 amekuwa Yerubeshethi. Kila mahali "baali" imetolewa, na nafasi yake imechukuliwa na "boshethi" (au "beshethi"), neno la Kiebrania lenye maana ya aibu.

Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba waandishi walionakili vitabu hivi karne nyingi baadaye hawakutaka kulitamka jina la Baali, mungu wa Wakanaani, wakaweka "aibu" badala yake. Matumizi hayo ya "aibu" hawakuyabuni wao. Hosea 9:10 inasimulia jinsi Waisraeli walivyomwendea Baal-peori na kujiweka wakfu kwa "aibu", na Yeremia 11:13 inazitaja madhabahu za aibu na za Baali kwa pumzi moja. Wapo wataalamu wachache wanaopinga, wakisema neno hilo zamani liliweza kubeba maana ya heshima au ulinzi, kama neno linalofanana nalo katika Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia. Mimi naona maelezo ya kwanza yana nguvu zaidi, kwa sababu Hosea na Yeremia wenyewe wanalitumia hivyo.

Lakini swali gumu liko nyuma yake. Sauli na Yonathani walikuwa watu wa Yehova. Jina lenyewe la Yonathani maana yake ni "Yehova ametoa". Ilikuwaje watu wa nyumba hiyo wawape watoto wao majina ya Baali?

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa kuwa neno letu "bwana" linafanya kazi ile ile. Bwana ni mume, bwana ni mwenye mali, na Bwana ni Mungu. Baali ilikuwa hivyo hivyo kwa Kiebrania: mume, mwenye kitu, mkuu. Kiarabu nacho kinalo. Katika Sura Hud aya ya 72 mke wa Ibrahimu anamwita mumewe "baali" wake, na katika As-Saffat aya ya 125 Mtume Ilyas anawalaumu watu wake kwa kumwomba Baali yule mungu. Kwa hiyo Mwisraeli wa zamani aliyemwita mwanawe Eshbaali, yaani "mtu wa baali", huenda alikuwa akimtaja Bwana wake Yehova. Ushahidi umo katika 1 Mambo ya Nyakati: shujaa mmoja aliyejiunga na Daudi huko Siklagi aliitwa Bealia, yaani "Yehova ndiye baali" (12:5).

Kilichoharibu neno ni historia. Katika karne ya 9 K.K. Ahabu na Yezebeli waliipa ibada ya Baali nguvu za dola, Eliya akapambana na manabii wake juu ya Karmeli, na tangu hapo neno likawa na sumu. Hosea 2:16 inatangaza siku ambayo Israeli hatamwita Mungu "Baali wangu" tena. Katazo hilo linaonyesha kwamba walikuwa wakimwita hivyo.

Ardhi nayo imetoa ushahidi. Mwaka 2012, huko Khirbet Qeiyafa juu ya Bonde la Ela, wanaakiolojia walipata mtungi uliovunjika vipande vipande. Walipoviunganisha, herufi zilizochorwa kabla mtungi haujachomwa zilisomeka: Eshbaali mwana wa Beda. Mtungi huo ni wa takriban mwaka 1000 K.K., enzi za Daudi. Si mwana wa Sauli, maana baba ni mwingine, ila unathibitisha kwamba jina hilo lilikuwa na watu wake wakati ule ule. Na katika Samaria, mwaka 1910, vilichimbuliwa vigae vya karne ya 8 K.K. vyenye kumbukumbu za mizigo. Kigae kimoja kinamtaja mpokeaji Gadiyau, jina lenye "Yehova" ndani yake, na chini yake wamo Abibaali na Meribaali. Majina ya aina zote mbili yanakaa kwenye kigae kimoja.

Ndiyo maana huwa nasikitika mhubiri anaposema Mefiboshethi alizaliwa na aibu kwenye jina lake. Yonathani hakumwita mwanawe aibu. Jina Meribaali hufasiriwa na wengi kuwa lahusu baali anayetetea au kushindana kwa ajili ya mtu, ni jina la kujivunia.

Kwa nini basi Mambo ya Nyakati hakikugeuzwa? Kiliandikwa baada ya uhamisho wa Babeli, wakati Baali hakuwa tishio tena, na sura ya 8 ni orodha ya nasaba za Wabenyamini, ambako jina la babu huhifadhiwa kama wazao walivyolipokea. Orodha hiyo inamfuata Meribaali kupitia Mika, kizazi baada ya kizazi, hadi wana wa Ulamu, mashujaa wapiga upinde, waliokuwa na wana na wajukuu 150.