Mbwa mchungaji asiye na kondoo: kabla hujamfunga mnyororo

Mama mmoja wa mtaa wa Himbi alifika kwenye kliniki yetu hapa Goma na ushahidi mkononi: vifuniko vinne vya bidoni za maji, vimetafunwa hadi havifungi tena, pamoja na mpini wa bidoni ya tano. Nyuma yake kijana wake alikuwa amejipinda, ameshikilia kamba kwa mikono miwili. Upande wa pili wa kamba alisimama Malinois, mbwa mchungaji wa Kibelgiji, dume wa miezi tisa, masikio juu, akifuata kwa macho kila kilichosogea uani, kuanzia kuku hadi kivuli cha ufagio.

«Docta,» akasema mama, «hii imbwa iko na shetani. Uko na shindano ya kumutoa?» Shindano kwetu ni sindano.

Anayeishi Goma anajua bidoni ni nini. Ni maji ya kupikia, ya kuogea, ya kumnawisha mtoto kabla ya shule, na kuna aliyeyafuata kwa miguu hadi ziwani au kwenye bomba na kuyabeba kurudi. Mbwa anayekula vifuniko vya bidoni anakula maji ya nyumba. Sikumlaumu mama kwa hasira yake. Nilimuuliza kijana mbwa anashinda akifanya nini. Akajibu kwamba analinda. Analinda vipi? Anafungwa mnyororo kwenye mti wa avoka tangu asubuhi, na kufunguliwa saa mbili usiku zamu, yaani mlinzi wa usiku, anapofika.

Basi mbwa huyo alikuwa na saa kumi na tatu za kukaa bure kila siku, na alikuwa amezaliwa katika ukoo usiojua kukaa bure.

Hapa mjini mbwa wa aina hii wote tunawaita «berje», awe wa Kijerumani au wa Kibelgiji. Jina halidanganyi: kwa Kifaransa maana yake ni mchungaji. Malinois amepewa jina la Malines, mji wa Ubelgiji ambao wenyeji wanaozungumza Kiflemi huuita Mechelen. Mwaka 1891 profesa Adolphe Reul wa shule ya udaktari wa mifugo ya Cureghem, huko Brussels, aliwakusanya mbwa wa wachungaji wa nchi ile na kuanza kuwapanga kwa aina ya manyoya yao. Yule wa Kijerumani alianza kuandikwa kwenye daftari la ukoo mwaka 1899, chini ya ofisa wa jeshi la wapanda farasi aliyeitwa Max von Stephanitz. Kabla ya madaftari hayo, hawa walikuwa mbwa wa kutembea na kondoo kutwa: kuwazuia wasiingie shamba la mtu, kumrudisha aliyebaki nyuma, kumsikiliza bwana wao kwa mbali. Mbwa aliyechoka saa nne asubuhi hakuachwa azae. Ukichagua hivyo kizazi baada ya kizazi, unapata mnyama ambaye kazi kwake ni kama chakula.

Mbwa mwitu anapowinda hupitia hatua zinazofuatana: huona, hukaza macho, hunyemelea, hukimbiza, hukamata, huua. Wafugaji wa mbwa wa kuchunga walizikuza hatua za mwanzo na kuzififisha za mwisho. Kwa Malinois, kazi za polisi na jeshi zilizofuata baadaye zimeikuza tena hatua ya kukamata kwa meno. Kwa hiyo mtoto anapokimbia uani na mbwa akamrukia kisigino, mbwa hajageuka muuaji. Amemwona kondoo anayetoroka. Hilo halipunguzi jeraha la mtoto, ila linatuonyesha pa kuanzia.

Umri nao una sehemu yake. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Yanaanza kung'oka karibu na mwezi wa nne, na kufikia mwezi wa sita au wa saba anakuwa na meno yake 42 ya ukubwani. Wa miezi mitano anatafuna viatu kwa sababu fizi zinamuuma. Wa miezi tisa hana udhuru huo. Yeye ni kijana, nguvu zimetangulia akili, na kutafuna kunamtuliza. Ujana huo unaweza kuendelea hadi mwaka mmoja na nusu, hata miwili.

Sasa mnyororo. Najua kwa nini watu wanaufunga: parseli, yaani kiwanja cha nyumba, ni ndogo, wageni wanaingia, kuku wanatembea. Lakini mbwa wa namna hii akifungwa anaona kila kitu na hafikii chochote. Kila anayepita anampandisha moto, na moto huo hauna pa kutokea. Baada ya miezi michache unakuwa na mbwa anayeuma chochote kinachoingia ndani ya urefu wa mnyororo wake, na mara nyingi kinachoingia humo ni mtoto aliyefuata mpira. Kona iliyozungushiwa mabati au mbao, yenye kivuli, maji na kitu halali cha kutafuna, inagharimu kazi ya siku moja ya fundi. Naipendekeza kuliko mnyororo wowote.

Ushauri wa pili unaotolewa mjini ni kumkimbiza hadi aanguke. Nimewaona vijana wakimfunga nyuma ya pikipiki alfajiri. Hapa nawakatalia waziwazi. Mifupa ya mbwa wa miezi tisa bado inakua kwenye ncha zake, na inaweza kuendelea kukua hata baada ya kutimiza mwaka. Kulazimishwa kukimbia umbali mrefu na kuruka-ruka kunaharibu viungo. Pili, sisi tunaishi juu ya lava. Mawe haya meusi yanakwangua nyayo kama tupa, na nimeshasafisha nyayo zilizochunika hadi nyama nyekundu. Tatu, na hili ndilo watu hawalitegemei, ukimkimbiza nusu saa kila siku unatengeneza mwanariadha. Baada ya mwezi nusu saa haimtoshi, na bidoni zinaendelea kuliwa na mbwa mwenye pumzi ndefu zaidi.

Kinachomchosha kweli ni pua.

Nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Nyuma ya jiko kuna kipande cha uwanja chenye kokoto na mawe ya lava, hakilimiki. Nilichukua kiganja cha sambaza wakavu, samaki wadogo wa ziwani, nikawakata vipande vya ukubwa wa ukucha, nikamwambia kijana amshike mbwa nyuma ya mlango. Kipande kimoja nilikiweka wazi juu ya jiwe, kingine kwenye ufa, vingine chini ya kokoto. Mbwa alipofunguliwa alikimbia duara mbili bila kuona kitu. Kisha pua ikashuka. Mkia, uliokuwa umesimama kama fimbo, ukalegea. Alianza kupumua kwa mikupuo mifupi, fu-fu-fu, akarudi kwenye ufa uleule mara tatu, akasukuma jiwe kwa pua, akapata. Alitafuta kwa dakika kumi na mbili. Alipomaliza alikunywa maji, akajinyoosha, akalala chini ya mti ule ule wa avoka, safari hii bila mnyororo.

Sambaza hao si nyongeza ya anasa. Watoe kwenye chakula chake cha siku. Mwage nusu ya mlo wake kwenye mawe badala ya kumpa wote kwenye sahani, asubuhi na jioni. Akishazoea, ficha mbali zaidi, au mfiche mtu wa nyumbani nyuma ya ukuta na umwache amtafute. Mbwa wa Hifadhi ya Virunga wanaofuata nyayo za majangili ni wa ukoo mwingine kabisa, wenye masikio ya kuning'inia, lakini msingi ni huohuo: pua inafanya kazi, na mtu anashika kamba ndefu nyuma yake.

Kuhusu bidoni, tulimpa yake. Ile ndogo ya lita moja, tupu, imeoshwa, kifuniko kimeondolewa. Kijana alimfundisha kubadilishana: mbwa akishika, unamwonyesha kipande cha jibini ya Masisi, anaachia, unasema «toa», anapata. Usivute kitu kutoka kinywani mwa Malinois. Kuvutana ndiko anakokutafuta, naye ana kilo 25 za kukushinda. Baada ya wiki mbili alikuwa anabeba bidoni yake tupu hadi bombani na kurudi nayo, na majirani walitoka kumtazama. Zile nyingine zinawekwa juu ya kabati. Hilo nalo ni sehemu ya mafunzo, ingawa wanaofunzwa hapo ni watu.

Kumpiga kwa kosa la asubuhi unapolikuta jioni hakufundishi chochote. Mbwa anaunganisha adhabu na kile anachokifanya sekunde ile, na sekunde ile alikuwa anakuja kukupokea. «Lakini anajua amekosa, tazama anavyoinamisha kichwa!» Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alilipima jambo hili: mbwa walionyesha uso huo wa hatia kwa kufuata ukali wa bwana wao, wawe wamekosa au hawajakosa. Kichwa kinainama kwa sababu ya sauti yako.

Kuna jambo moja ambalo wenye mbwa wa kuchunga wanalisahau hata wakifanya mengine yote vizuri: kumfundisha kutulia. Mbwa mtu mzima anahitaji saa 12 hadi 14 za usingizi kwa siku, kijana zaidi. Huyu hajui kujizima mwenyewe. Tandika kipande cha mkeka, kaa karibu naye ukimenya viazi au ukisoma, na kila anapojilaza juu ya mkeka weka kipande kidogo cha chakula kati ya miguu yake ya mbele, kimyakimya, bila kumshangilia. Siku ya kwanza atakaa nusu dakika. Usichoke. Siku utakayoona amelegeza nyonga na kulala ubavu, ujue umefundisha kitu kikubwa kuliko «kaa» na «njoo».

Kwa watoto, kanuni ni fupi: mbwa akija mbio, simama kama mti, mikono kifuani, usipige kelele. Kondoo aliyesimama hana ladha. Na watoto wadogo wasiachwe naye peke yao, hata dakika moja. Kwa pikipiki na chukudu, yale magurudumu mawili ya mbao ya kubebea mizigo, anza mbali, mahali anapoziona bila kukakamaa. Masikio yakielekea mbele na mdomo ukafungwa ghafla, una sekunde moja ya kumwita na kumlipa. Ukichelewa, ondoka naye, ujaribu kutoka mbali zaidi kesho.

Wanaotembea naye upande wa Himbi, Keshero hadi Lac Vert wakumbuke mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni na mashimoni kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inazidi. Haionekani. Wewe uliyesimama unaweza kupumua vizuri huku mbwa, ambaye pua yake iko chini, anaanguka. Usimfungue kamba karibu na shimo au bonde lenye wadudu na ndege waliokufa. Akianguka humo, usishuke kumfuata. Mvute kwa kamba ukiwa juu. Kuna waliokufa wakimfuata mbuzi.

Anayetafuna kila kitu pia humeza. Guguta la muhindi ndilo ninalolichukia kuliko yote: linakwama utumboni na haliyeyuki. Akitapika mfululizo, akakataa chakula na kuchuchumaa bila kutoa choo, usimpe mafuta wala dawa za nyumbani. Mlete siku hiyohiyo.

Tena kuna uharibifu ambao si wa ujana. Mbwa aliyekuwa mtulivu akianza ghafla kuuma mbao na mawe, sauti ikabadilika, mate yakamtoka, akashindwa kumeza au kuyumba kwa miguu ya nyuma, usimshike wala usimtazame kinywani. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishaonekana kwa mtu hakuna tiba. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha aende kituo cha afya siku ileile kwa chanjo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Naulizwa pia kama ni vema kumnunua. Kwa nyumba nyingi za hapa nasema hapana. Ukitaka kelele mtu anaporuka ukuta, mbwa wa kienyeji anabweka vilevile, anakula kidogo na analala mchana bila kufundishwa. Malinois anataka mtu mwenye saa moja na nusu kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, kwa miaka kumi na zaidi. Kama mtu huyo hayupo nyumbani, zamu hawezi kuwa yeye kwa sababu tu analipwa.

Yule mama siku ya kwanza hakuondoka bila shindano. Daftari la mbwa lilikuwa tupu. Alinunuliwa akiwa na miezi miwili na hakuna aliyekumbuka chanjo, ambayo kwa kichaa hutolewa akifikisha miezi mitatu. Nikamchoma ya kichaa, kijana akimshika kichwa na kumlambisha jibini, na mbwa hakugeuka hata kutazama. Mama akaikunja karatasi ya chanjo, akaitia mkobani, kisha akanidai vifuniko vyake vinne. Alisema kuna fundi mtaa wa Birere anayeyeyusha plastiki, huenda viwili vikafunga tena.