Marehemu hakuacha wosia: nyumba ni ya nani?

Hitma ikishasomwa, au matanga yakishaanuliwa, mambo huenda kasi. Ndugu wa marehemu anaanza kupokea kodi ya vyumba vya Majengo, mtoto mkubwa anatafuta mnunuzi wa gari, na mjane angali ndani ya eda, hana habari. Wote hao wanakosea. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi. Adhabu ni faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, na kila kilichochukuliwa kitatolewa hesabu. Kupokea kodi ni kuingilia, hata ukiwa na nia njema.

Mgao wenyewe hutegemea dini ya marehemu. Mali ya Mwislamu hugawanywa kisharia baada ya kulipa mazishi na madeni. Mke hupata thumni, yaani moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Wake wakiwa wengi, hugawana fungu hilo hilo moja. Mama hupata sudusi, yaani moja ya sita, palipo na watoto, na mtoto wa kiume huchukua fungu la mabinti wawili. Mahakama ya Kadhi husikiza shauri iwapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. La sivyo, Mahakama Kuu hulisikiza, kwa sharia hiyo hiyo.

Kwa asiye Mwislamu, binti na mvulana ni sawa, awe ameolewa au la. Mjane mwenye watoto hupewa vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa. Mali iliyobaki huitumia maishani mwake, lakini hawezi kuuza nyumba kivyake. Aliyeoa wake wengi, mali hugawanywa kwa kila nyumba, yaani mke na watoto wake, kulingana na idadi ya watoto, na mke huhesabiwa kama mmoja wao. Bi mkubwa mwenye watoto wanne na bi mdogo mwenye wawili: mafungu manane, matano huku, matatu kule.

Mombasa tuna jambo letu: nyumba bila ardhi. Kinachorithiwa hapo ni jengo, kiwanja ni cha mwenye ardhi. Tafuteni mapema risiti za kodi ya kiwanja alizopewa marehemu na mwenye ardhi, kwani mara nyingi ndizo ushahidi wa pekee.

Ombi la kuteuliwa msimamizi hupelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo na barua ya chifu. Hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Kwa kawaida mgao huthibitishwa miezi sita baada ya msimamizi kuteuliwa. Palipo na mtoto wa chini ya miaka 18, wasimamizi wasipungue wawili.

Barua ya chifu ndiyo ninayowasihi muisome kwa makini kabla ya kuondoka ofisini kwake, kwa kuwa humo ndimo yanamoandikwa majina ya warithi. Binti aliyeolewa Lamu husahaulika, na mtoto wa mke aliyeachwa zamani hufichwa makusudi. Jina likirukwa, mahakama inaweza kuubatilisha usimamizi wote hata miaka mingi baadaye, nyumba ikiwa imeshauzwa na pesa zimeshatumika.