Kuagiza Juisi ya Matunda ya Kitropiki Iliyokolezwa: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Viwanda vya vinywaji, mtindi, aiskrimu na jamu kwa kawaida havinunui tunda bichi. Hununua juisi iliyopunguzwa maji, au rojo la tunda, ikiwa imefungwa ndani ya mifuko tasa au imegandishwa, kutoka kwa wasindikaji wa nchi kama India kwa maembe, Thailand na Ufilipino kwa mananasi, na Ekwado kwa pasheni. Ni biashara inayoendeshwa kwa namba, na wanunuzi wengi wapya hudanganywa na namba zile zile wanazoziamini.

Dhana: Anayeuza kilo kwa bei ya chini ndiye mwenye bei nafuu

Bei ya kilo haina maana mpaka iwekwe pamoja na kipimo cha Brix, ambacho kwa makadirio ni gramu za yabisi zilizoyeyuka, yaani sukari, asidi na madini ya tunda lenyewe, katika kila gramu 100 za juisi. Kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) cha mwaka 2005 kuhusu juisi na nekta, CXS 247, kinaeleza Brix ambayo kila juisi inapaswa angalau kuifikia baada ya kuongezewa maji: nanasi 12.8, embe 13.5, pasheni 12. Hesabu yote ya ununuzi huanzia hapo.

Tuseme kiwanda kinahitaji kilo 1,000 za embe lenye Brix 13.5, yaani kilo 135 za yabisi. Muuzaji wa kwanza ana rojo lililokolezwa hadi Brix 28, na zitatosha kilo 482. Wa pili ana rojo la kawaida lenye Brix 16, na zitahitajika kilo 844. Hata kama wa pili atauza kilo yake kwa asilimia 60 tu ya bei ya wa kwanza, gharama yake bado itakuwa juu, na hapo hatujagusa nauli ya meli kwa kilo 362 za ziada ambazo karibu zote ni maji. Rojo la kawaida lina sababu yake, kwa kuwa limepita kwenye joto kidogo zaidi na hubaki na harufu ya tunda. Lakini anayelichagua alichague kwa ajili ya ladha, asijidanganye kwamba ameokoa fedha.

Dhana: Brix ikilingana, bidhaa zinalingana

Maembe ya Totapuri na ya Alphonso, yote ya India, yanaweza kutoa marojo yenye Brix ile ile kabisa, ilhali Alphonso lina harufu nzito na rangi iliyokolea zaidi na huuzwa kwa bei ya juu. Brix haioni harufu, wala rangi, wala uwiano wa sukari na asidi, na uwiano huo ndio unaoamua kama kinywaji kitaonekana kitamu au kichachu mdomoni.

Kipimo chenyewe pia kina mtego. Refraktomita, kifaa kinachosoma Brix kwa jinsi juisi inavyopinda mwanga, imesawazishwa kwa sukari ya kawaida kwenye nyuzijoto 20, na asidi hupinda mwanga kwa kiwango kidogo kuliko sukari, kwa hiyo juisi kali kama pasheni husomeka chini ya uhalisia wake. Katika pasheni iliyokolezwa hadi Brix 50, marekebisho ya asidi yanaweza kufika digrii 2 hivi. Mkataba usiosema kama Brix inayotajwa imerekebishwa kwa asidi au ni ile iliyosomwa moja kwa moja kwenye kifaa unaalika ugomvi ambao pande zote mbili zitakuwa na haki.

Dhana: "Iliyokolezwa" maana yake imetiwa sukari

Sivyo. Kukoleza ni kuondoa maji, kwa kawaida kwa kuyavukiza katika ombwe ili yachemke kwa joto la chini. Kinachopotea haraka ni manukato, ambayo huondoka pamoja na mvuke. Wasindikaji makini huyakusanya, nayo yanaweza kurudishwa baadaye. Utamu mwingi wa juisi iliyokolezwa unatokana na tunda, ingawa, kama tutakavyoona, wapo wanaouongezea.

Dhana: Pipa lililofungwa kwa njia tasa haliharibiki

Bidhaa hupashwa joto, hupozwa, kisha hujazwa kwenye mfuko usio na vijidudu ulio ndani ya pipa la chuma, na hivyo inaweza kukaa miezi mingi bila friji. Hilo ni kweli kwa uchachu na ukungu. Si kweli kwa rangi na ladha. Kontena lililokaa juani bandarini huendeleza mmenyuko wa sukari na asidi-amino ndani ya pipa, na rojo la embe lililoondoka likiwa la dhahabu linaweza kuwasili likiwa na ukahawia, salama kabisa kwa mlaji lakini lisilofaa kwa chupa inayoonyesha kilichomo.

Lipo pia tatizo linalojificha vizuri zaidi. Bakteria aitwaye Alicyclobacillus acidoterrestris huvumilia asidi, na spora zake, yaani chembe zake zilizolala ndani ya ganda gumu, hustahimili joto la kawaida la kuua vijidudu. Ndani ya juisi nzito hazikui. Kiwanda kinapoongeza maji na kufunga chupa, huamka, na baadhi yao hutengeneza guayakoli, kemikali inayotoa harufu kama ya dawa ya hospitali. Hakuna gesi, chupa haivimbi, na mara nyingi anayegundua kwanza ni mlaji. Anayenunua kwa ajili ya vinywaji visivyohifadhiwa kwenye friji auombe upimaji wa bakteria huyu kwa jina, kwa sababu hesabu ya jumla ya bakteria inaweza kumpita bila kumwona.

Dhana: Cheti cha uchambuzi cha muuzaji kinatosha

Cheti ni mwanzo wa mazungumzo. Hueleza sampuli iliyochukuliwa na muuzaji, na kontena la futi 20 linaweza kuwa na mapipa 80 yaliyojazwa kwa siku tofauti. Namba za toleo zilizo kwenye cheti zilinganishwe na zilizo kwenye mapipa kabla ya kitu kingine chochote. Ni kazi ndogo inayoshangaza kwa jinsi inavyorukwa.

Kuhusu sukari iliyoongezwa kwa siri, maabara hutumia isotopu za kaboni, yaani aina za kaboni zinazotofautiana kwa uzito, kwa kuwa sukari ya miwa na ya mahindi ina kaboni-13 nyingi kidogo kuliko sukari ya embe au pasheni. Nanasi huleta usumbufu: hufyonza kaboni usiku kwa mfumo wake wa pekee, na alama ya sukari yake hukaribiana na ya miwa. Kipimo kinachomnasa mdanganyifu wa embe kinaweza kumwachia huru wa nanasi, hivyo nanasi hudai vipimo vya ziada, kama uwiano wa sukari mbalimbali, asidi na madini.

Dhana: Forodha huona juisi tu

Katika mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa bidhaa, juisi ziko chini ya namba 2009, lakini nanasi lisilozidi Brix 20 liko 2009.41 na linalozidi hapo liko 2009.49. Rojo linaweza kuangukia namba 2007 au 2008 kulingana na lilivyoandaliwa. Ushuru hutofautiana ipasavyo.

Dhana: Kwa masharti ya CIF (bei yenye gharama, bima na nauli), muuzaji anabeba hatari hadi bandari ya mnunuzi

Muuzaji hulipa nauli na bima hadi hapo, lakini hatari humhamia mnunuzi mara shehena inapopakiwa melini. Chini ya Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, bima anayolazimika kuikata muuzaji wa CIF ni ya kiwango cha chini, kinachoitwa Kipengele C, ambacho hushughulikia mambo kama moto, kugongana kwa meli na kukwama. Friji ya kontena ikizimika katikati ya bahari na pasheni iliyogandishwa ikayeyuka, bima hiyo hailipi. Kinga ya hitilafu ya friji hununuliwa peke yake, na lazima iandikwe kwenye mkataba kabla meli haijaondoka.