Mgombea Urais: Katiba Inadai Nini, na Wewe Udai Nini

"Mgombea urais si lazima awe na digrii?" Swali hili hunifikia karibu kila ninapotoa elimu ya mpiga kura, na jibu huwashangaza wengi: kwa Tanzania, si lazima. Majirani zetu Kenya sheria yao ya uchaguzi inadai shahada. Katiba yetu inataka mgombea awe na sifa za kuwa mbunge, na kwa upande wa elimu, mbunge anatakiwa ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Basi.

Masharti yenyewe yamo Ibara ya 39: awe raia wa kuzaliwa, ametimiza miaka 40, na apendekezwe na chama ambacho yeye ni mwanachama. Sharti la chama Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilimpa ushindi. Katiba haijabadilishwa.

Kipengele kisichotajwa vya kutosha ni cha kodi. Katika miaka mitano kabla ya uchaguzi, mgombea asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya Serikali. Zingatia "kutiwa hatiani": tetesi za kijiweni hazimwengui mtu, hukumu ya mahakama ndiyo humwengua.

Kazi aliyofanya mtu kabla ya siasa Katiba haiigusi. Nyerere, Mwinyi na Magufuli walishika chaki, Mkapa alikuwa mhariri wa magazeti, Kikwete alitoka jeshini. Hapo kipimo umeachiwa wewe, na naomba usikitupe. Kama mgombea aliwahi kuwa waziri, tafuta ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya miaka ile, fungua ukurasa wa wizara yake, usome hoja zilizoibuliwa na kama zilijibiwa. Ripoti hizo ziko wazi kwa umma, na zitakueleza zaidi ya mabango yote ya barabarani.

Kisha mgeukie mgombea mwenza, yaani yule anayegombea umakamu wa Rais, ambaye watu wengi humpita bila hata kumwangalia. Naye lazima awe raia wa kuzaliwa na awe ametimiza miaka 40. Rais akitoka Bara, yeye atoke Zanzibar, au kinyume chake. Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Siku mbili baadaye Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa mgombea mwenza wake katika uchaguzi wa 2020, aliapishwa kuwa Rais kumalizia muhula uliobaki, bila kura nyingine kupigwa.