Intaneti ya setilaiti za karibu: nani anaihitaji huku Pwani?

Mkazi wa Nyali au Tudor, mitaa ya Mombasa, ambaye faiba inapita mlangoni pake hana haja ya dishi la setilaiti. Nalisema mapema kwa sababu tangu Starlink, kampuni inayouza intaneti ya setilaiti za karibu, ifungue huduma Kenya, Julai 2023, wengi wameamini kwamba nyaya zimepitwa na wakati. Mombasa ndipo mikongo ya baharini inapotua: TEAMS na SEACOM mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na mingine baadaye. Setilaiti haitaiondoa mikongo hiyo kazini.

Kilichobadilika ni umbali. Setilaiti za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi likipanda na kushuka, kisha jibu nalo likapanda na kushuka, karibu milisekunde 480 (nusu sekunde hivi) zimeshapotea hata kabla mitambo haijafanya kazi yake. Kwa setilaiti za karibu, zilizo kama kilomita 550 juu, safari hizo nne hazizidi milisekunde 8 zikipita wima. Ukijumlisha mitambo na njia ya ardhini bado unapata kasi ya kuzungumza kwa video bila kukatizana maneno.

Lakini setilaiti iliyo chini huona eneo dogo na hukimbia, huzunguka dunia kwa takriban dakika 95, kwa hiyo zinahitajika maelfu. Uwezo wa kila moja hugawanywa kwa maeneo yenye upana wa kilomita 20 na ushee. Pima mwenyewe: kisiwa chote cha Mombasa, Likoni na Nyali vinaweza kuingia katika eneo moja au mawili tu. Wateja wakijazana, jioni kasi hushuka, na hakuna fundi wa kuongeza waya. Ndiyo maana mwishoni mwa 2024 Nairobi ilifungiwa wateja wapya kwa muda.

Sasa nenda Kinango, Ganze, au visiwa vya Lamu. Huko watu ni wachache kwa kila kilomita, na kuchimba mtaro wa faiba hakumlipi mwekezaji. Dishi moja kwenye zahanati, likagawiwa shule na maduka jirani, lina thamani kubwa kuliko madishi kumi ya mjini. Hapo ndipo ningetaka kila shilingi ya umma ielekezwe.

Ukishaamua kufunga, anza na anga. Huku karibu na ikweta, mkanda wa zile setilaiti za mbali unapita karibu na utosini, kutoka mashariki hadi magharibi, na za karibu haziruhusiwi kuuingilia kwa mawimbi yao. Dishi basi hutegemea sana pande za kaskazini na kusini. Mnazi ulio pande hizo hudhuru zaidi kuliko ulio mashariki. Pima vizuizi kwa programu ya simu ukiwa palepale dishi litakapokaa, si uani. Dishi hupangiwa setilaiti upya kila sekunde 15, kwa hiyo kuti moja tu laweza kukata mazungumzo ya simu mara kwa mara huku video za kawaida zikiendelea, na watu wakailaumu ruta.

Chumvi ndiyo adui wa pili. Tumia nati na bolti za chuma kisichoshika kutu, na waya uache ushuke kidogo chini ya tundu la ukutani kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke nje. Wakati wa masika, mvua kubwa hukata mawimbi kwa dakika kadhaa; hilo halina dawa.

Umeme ndio huharibu kazi nyingi za mashambani. Dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100, dogo la Mini wati 25 hadi 40. Mini ikila wati 30 kwa saa 24 ni wati-saa 720, na betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, ina takriban 1,280. Hesabu inatosha, lakini waya mwembamba huivuruga. Mini ikiwaka huweza kuvuta ampea 5. Kwa mita 10 za waya wa milimita mraba 1.5 hupoteza zaidi ya volti moja, dishi linazima na kuwaka lenyewe kila mara. Weka waya wa milimita mraba 4, au pandisha volti hadi 24 palepale kwenye betri.